Shairi la harusi liishe kabla ya harusi

Langoni, Lamu

Somo yangu mpenzi,

Salamu nyingi, na wa nyumbani wote nisalimie. Sisi huku hatujambo, joto tu.

Barua yako imenifikia. Sasa mtu atasemaje shairi la harusi limemshinda, kisha anaandika hivi?

Leo nyumba imeng'ara, nuru imetuingia,
Mwana ameshika dira, njia yamfungukia,

Mshororo wa tatu, wasema, waandika wafuta, kwa kuwa kina cha -ra hakikupi neno la heshima. Umepata "barabara" ukaliona la mtaani. Na harusi je, si ya mtaani? Andika:

Twaicheza barabara, chakacha twashangilia,

Hesabu mizani, yaani silabi, kwa vidole: nane na nane. Vina vimekaa. Hakuna shangazi atakayesimamisha ngoma kwa neno hilo (ila yule tumjuaye, na yeye hata mkate wa mofa huutia kasoro). Kibwagizo nakuachia mwenyewe.

Lakini mimi naona kinachokuzuia si kina. Daftari lako limejaa beti za kwanza. Kila ukianza wataka utenzi wa beti mia, na ubeti mmoja wausugua hata usingizi wa mchana huupati. Safari hii tunga tarbia, mishororo minne kila ubeti, beti tatu basi. Ni mishororo 12, mizani 192. Tarbia yenyewe imeshakuwekea mpaka, na mpaka huo ndio wa kuushika. Ubeti wa kwanza usiuguse mpaka wa tatu uwe kwenye karatasi, hata kama unachechemea. Kurekebisha kuwe siku nyingine. Hapo mtafute mtu umsomee kwa sauti, kwani jicho hupitisha mizani tisa bila kujali, ulimi ndio unaojikwaa.

Najua utaniambia kazi nzuri yataka muda. Haya, Mwana Kupona, yule malenga wa kale, alikuwa na muda gani? Wosia wake kwa bintiye aliutunga mwaka 1858, naye mgonjwa, na haikupita miaka mingi akafariki. Ila alijua anamwambia nani. Wewe nawe wajua: bibi harusi, na wanawake walioketi mkekani, huyu na kikombe, yule na mtoto mapajani. Hao ndio wa kutungiwa, si hao majaji uliowakalisha kichwani mwako, ambao hata kadi ya mwaliko hawakupewa.

Ijumaa alfajiri navuka Mokowe kupanda basi, Mungu akipenda jioni niko kwenu Malindi. Nataka nikute karatasi iliyonakiliwa safi. Usiku tutaitafutia mahadhi pamoja, na nakwambia mapema: mafua yako ya kila harusi mara hii siyakubali.

Ni mimi, somo yako