Siku ya sindano ya miezi 18, tuulizwe pia mtoto anasemaje

Mhariri, Assalaam alaykum.

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua sana wazee wenye watoto huku Pemba na naamini Unguja pia lipo, nalo ni watoto wanaochelewa kusema. Mimi nasomesha maandalizi hapa Wete, kila mwaka napokea watoto wa miaka minne ambao bado hawaungi hata maneno mawili, ukimuuliza mama anakwambia mwalimu tumeambiwa tusubiri atasema tu, babake nae alichelewa. Miaka yote hiyo masikio hayajapimwa! Na safari hii limeingia ndani ya nyumba yetu wenyewe, mtoto wa dada yangu ana miaka miwili na nusu, akitaka maji anakukamata mkono anakuburura mpaka kwenye mtungi, neno hatoi.

Dada kazunguka nae sana. Kituo kimoja walimpima uzito wakasema mtoto mzima huyu, kwengine wakamwambia watoto wa kiume huchelewa. Ni kweli wanaume huwa nyuma kidogo ya wanawake kwenye kusema lakini ni kidogo tu, haiwi sababu ya kukaa mpaka skuli. Majirani ndo usiseme, mara akatwe kimeo, kile kinyama kinachoning'inia kooni, mara akatwe ule ugozi wa chini ya ulimi, na bibi yake kamnywesha kombe, yale maji ya aya za Kurani. Kombe silipingi, dua ni dua. Lakini kimeo nakipinga waziwazi, kimeo hakihusiani na mtoto kujua maneno, na kukikata kunaweza kumvujisha damu, kumtia maradhi, hata kumuua. Ule ugozi nao ukiwa mfupi unaweza kumpa taabu kunyonya au kutamka baadhi ya herufi, ila mtoto huyo bado angesema, angesema vibaya vibaya tu lakini angesema.

Linaloanzwa ni masikio. Hapa ndipo watu wengi tunapotea kwa sababu mtoto akigeuka mlango ukibamizwa au akicheza ngoma ikipita tunasema huyu anasikia bwana, kumbe kusikia kishindo ni kitu kimoja na kusikia maneno ni kitu chengine. Yupo mtoto anaesikia sauti nzito lakini zile nyembamba kama s, f na sh hazimfikii, kwake mazungumzo yetu ni kama redio isiyoshika stesheni, anasikia mngurumo tu, sasa ataiga nini? Na wapo wengine ambao mafua yao hayeshi, maji yanakaa nyuma ya ngoma ya sikio bila hata kuuma, wiki hii anasikia wiki ijayo hasikii, na mama hajui. Hilo mara nyingi linaondoka lenyewe au linatibika, lakini lazima aangaliwe. Na mtoto aliewahi kuugua homa ya uti wa mgongo, au alizaliwa akawa manjano sana, au alichelewa kulia alipozaliwa, huyo masikio yake yapimwe hata kama humshuku kitu.

Masikio yakiwa salama ndo unatazama mengine. Ukimwita jina anageuka? Anakuonyesha kitu kwa kidole ili na wewe ukitazame? Anakutazama usoni mkicheza? Anafahamu ukimwambia lete kiatu? Mtoto anaefahamu kila kitu na anaonyesha kwa ishara ila maneno machache, hali yake ni nyengine kabisa na yule asiegeuka wala asieonyesha, huyu wa pili inabidi aangaliwe mapema na usonji pia (ile hali inayompa mtoto taabu ya kuwasiliana na wenziwe), na mtoto aliekuwa na maneno kisha yakapotea hasubiriwi hata siku moja.

Sasa ombi langu kwa Wizara ya Afya. Kila mtoto wetu anarudi kliniki akiwa na miezi 18 kwa sindano ya pili ya surua na rubela. Rubela yenyewe mama mjamzito akiipata inaweza kumzalisha mtoto kiziwi, kwa hiyo sindano ile na masikio ni mambo ya karibu. Mama keshafika, kadi iko mkononi, nesi yupo, kwa nini yasiulizwe masuali manne matano hapo hapo? Anageuka akiitwa, anaonyesha kwa kidole, ana maneno japo matatu? Akifika miaka miwili anatakiwa awe anaunga mawili, baba kaja, mama njoo. Nesi akiona mashaka aandike kwenye kadi na ampe mzazi barua ya kwenda kupimwa, asimwambie subiri. Haihitaji mashine, na mzazi wa Micheweni au Kojani hatolipa nauli ya ziada kwa kuulizwa.

Nasisitiza umri kwa sababu miaka ya mwanzo ndo ubongo unaposhika lugha. Muhimbili wanapandikiza vifaa vya kusikilizia kwa watoto viziwi tokea 2017, na faida yake ni kubwa zaidi kwa mtoto aliegunduliwa mdogo. Tukimgundua wakati anaingia skuli tushamcheleweshea mengi.

Na wataalamu nao. Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinasomesha shahada ya usikivu na tiba ya usemi. Naiomba serikali ipeleke vijana wa Pemba wakasome hiyo kwa masharti warudi wafanye kazi hapa hapa, maana mama kumbeba mtoto kwenye boti mpaka Unguja na kulala kwa watu kwa ajili ya mazoezi ya nusu saa, kisha arudie tena na tena, wengi wanaacha njiani na siwalaumu.

Huku tukisubiri, nyumbani yapo ya kufanya. Ongea na mtoto unapomkosha, unapomenya muhogo, mtajie kitu anachokitazama yeye kisha nyamaza umpe nafasi ajibu hata kwa sauti tu. Simu muiweke mbali. Ninao skuli watoto wanaohesabu wan tu thrii mpaka kumi kutoka kwenye katuni lakini kuomba maji hawajui. Shirika la Afya Duniani 2019 lilisema mtoto wa mwaka mmoja asikalishwe mbele ya skrini kabisa na wa miaka miwili isizidi saa moja kwa siku, ikipungua ndo vizuri. Na nyumba yenye lugha mbili msiogope, haimcheleweshi mtoto, sema nae lugha unayoijua vizuri.

La mwisho Mhariri, naomba Wizara itutangazie kupitia gazeti hili, Pemba masikio ya watoto wadogo yanapimwa hospitali gani na siku gani, Mkoani hospitali ya Abdulla Mzee, Chake au hapa Wete, na mzazi aje na nini. Tangazo hilo nitalibandika mlangoni skuli na nitampelekea sheha alisome.

Mwalimu wa maandalizi,
Wete, Pemba