Kwa nini tulikuambia matundu 12 na mwenzetu akakuambia 6

Mwezi uliopita mama mmoja wa Brooklyn Park, hapa Minnesota, alinipigia simu akiwa na uchungu. Sisi mafundi wa paa tulimwandikia makadirio ya matundu 12 ya hewa juu ya paa, fundi mwingine akamwambia 6 yanatosha. "Kaka, mmeniona ndiyo kwanza nimenunua nyumba, mkaamua kunichuna." Si mara ya kwanza kuambiwa hivyo, na huwa inaniuma. Basi hesabu yenyewe ni hii.

Dari yake ina futi za mraba 1,200. IRC, kanuni ya nyumba za makazi ambayo Minnesota imejengea kanuni zake, inataka uwazi wa kupitisha hewa uwe sehemu 1 kwa 150 ya eneo la dari. Kwake ni futi za mraba 8, yaani inchi za mraba 1,152. Sisi tunagawa nusu kwa nusu: 576 chini ya upenu hewa iingie, 576 karibu na mgongo wa paa itoke. Tundu la kawaida la boksi lina uwazi wa inchi za mraba 50 hivi. Gawa mwenyewe, utafika 12.

Ile 6 nayo ina chanzo chake. Kanuni inaruhusu 1 kwa 300, yaani nusu ya hapo, ila kwa masharti. Kwenye baridi kama ya huku, lazima chini ya pamba ya dari (ile ya kuzuia joto lisipotee), upande wa joto, kuwe na kizuizi cha mvuke, kama nailoni. Tena asilimia 40 hadi 50 ya uwazi iwe juu, isishuke zaidi ya futi 3 kutoka kileleni. Tulipanda darini kwake, tukafunua pamba sehemu nne. Kizuizi hakuna. Yule fundi mwingine hakupanda kabisa. Mama mwenyewe alisema fundi huyo alihesabu akiwa amesimama kwenye nyasi.

Na hata matundu 20 ya juu hayasaidii kama chini kumezibwa, maana hewa haitoki mahali isipoingia. Kuna nyumba St. Paul tuliitwa, paa halijamaliza miaka miwili, plaiwudi imeshakuwa nyeusi kwa ukungu. Juu matundu yapo, tena yamepangwa vizuri. Chini ya upenu kuna bati jeupe lenye vitundu vidogo, ukitazama toka nje unaridhika. Tulipolibandua tukakuta nyuma yake mbao za zamani, nzima, hakuna aliyezitoboa. Bati lilikuwa pambo tu. Kutoboa zile mbao ni kazi ya siku moja. Kubadilisha plaiwudi ya upande mzima wa kaskazini kulimgharimu yule baba zaidi ya mara tano ya hapo.

Linalotusumbua zaidi kila Januari ni matambara. Watu wetu wakisikia baridi wanapanda darini na kuziba matundu kwa nguo kuukuu au mabaki ya pamba, ili joto lisitoke. Naelewa, bili ya gesi inaumiza. Lakini joto linazuiwa na pamba iliyo sakafuni mwa dari. Matundu kazi yake ni kutoa mvuke, na nyumba zetu zina mvuke: maharage yanachemka kwa muda wa saa tatu, watu saba wanaoga asubuhi. Mvuke ukipanda usipate njia, unaganda kwenye ncha za misumari na chini ya plaiwudi. Siku jua likitoka unayeyuka wote kwa pamoja, na mimi napigiwa simu: "Paa lako linavuja!" Mvua haijanyesha tangu Novemba.

Feni ya bafuni nayo ikaguliwe. Bomba lake lazima litoke nje ya nyumba. Tumeshakuta mawili mtaa mmoja yakimwaga mvuke palepale darini, juu ya pamba.

Sasa bei. Wengine wanaona tunatoboa paa na kupiga misumari, wanauliza mbona ghali. Sehemu kubwa ya muda wetu inaisha darini, tukitambaa na barakoa, tukiweka vile vibao vya plastiki kati ya kenchi ili pamba isizibe njia ya hewa kutoka upenuni. Kanuni inataka angalau inchi 1 ya nafasi chini ya plaiwudi. Hiyo kazi haionekani kutoka barabarani, ndiyo maana wengi wanairuka na kukupa bei nzuri. Sisi hatuiruki, na bei haitashuka kwa kuiondoa.

Ukiwa na tundu refu linalofuata mgongo wa paa, usituombe tuongeze na matundu ya boksi au feni ya umeme. Hewa itavutwa kutoka tundu jingine la hapo juu badala ya kutoka chini, na dari itabaki na unyevu wake.

Yule mama nimemtumia picha za darini kwake pamoja na hesabu, niliandika kwa mkono. Akitaka ampe fundi mwingine kazi, azitumie hizo hizo. Ila amwombe kwanza apande ngazi.