Risala ya Watumiaji wa Visima vya Jirani na Dampo Lililofungwa kwa Mgeni Rasmi, Kilele cha Wiki ya Maji

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, wataalamu wa maji na mazingira, viongozi wa dini, wazee wetu, mabibi na mabwana,

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha siku ya leo, na tunakushukuru wewe kwa kukubali kufika katika mtaa huu wa Dar es Salaam ambao zamani wageni waliupita wakiwa wamefunga vioo vya magari. Siku hizi harufu imekwisha. Dampo lilifungwa, likafukiwa kwa udongo, nyasi zikaota, na jioni vijana wanacheza mpira juu yake. Kinachotusumbua kimehamia chini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Jiji letu hupata mvua ya zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka. Mvua inayonyesha juu ya dampo hupenya ndani ya taka, ikachota amonia, kloridi, chuma na manganizi, kisha ikashuka na mzigo huo. Na kwa kuwa dampo letu, kama yalivyokuwa madampo mengine ya zamani, halikutandikwa chochote chini cha kuyazuia maji hayo, mchanga huyapokea na kuyapeleka yanakoelekea, ambako ndiko viliko visima vyetu. Kufungwa kwa geti hakukusimamisha safari hiyo, kwani taka zilizofukiwa huendelea kuoza na kuchuruzika kwa miongo ya miaka. Ndiyo maana nchini Marekani kanuni za mwaka 1991 za madampo ya manispaa zilimtaka mmiliki aendelee kulitunza dampo, pamoja na kupima maji ya ardhini, kwa miaka 30 baada ya kulifunga.

Tumearifiwa kwamba mmiliki wa eneo hili ameomba mamlaka husika imlegezee viwango vya ubora wa maji ya ardhini. Hoja zake ni kwamba kuyasafisha maji hayo kuna gharama kubwa mno, kwamba vyoo vya shimo vilikwisha kuyachafua hata bila dampo, na kwamba hakuna mtu anayeyanywa.

Hatukusudii kuzibeza hoja hizo. Maji yaliyochafuka ardhini kweli hayasafishiki kwa mwaka mmoja wala kwa fedha kidogo, na hata kanuni za Marekani tulizozitaja zinaruhusu mmiliki asilazimishwe kusafisha pale ambapo uchafu mwingine umo tayari na usafishaji hautapunguza hatari kwa kiasi cha maana, au pale ambapo maji hayo si chanzo cha maji ya kunywa wala hayatarajiwi kuwa hivyo. Kuhusu vyoo, tunakiri kwamba naitreti, yaani chumvi ya nitrojeni iyeyukayo majini, inaweza kutoka chooni na inaweza kutoka katika amonia ya dampo. Lakini jambo hilo hupimwa, kwa kuchukua sampuli upande maji yanakotoka kabla ya kufika kwenye dampo na upande yanakoelekea baada ya kulipita, na vipimo vya namna hiyo hatujaonyeshwa.

Hoja ya tatu ndiyo tunayoikataa moja kwa moja. Bomba likikauka siku tatu, mama hutwaa ndoo akaenda kisimani, na wapo miongoni mwetu, tuliseme wenyewe kabla hatujasemewa, wanaoyauza maji hayo kwa madumu mpaka mtaa wa pili. Tunaambiwa tuchemshe. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi naitreti wala kloridi. Maji yakipungua sufuriani, chumvi hizo huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 za naitreti kwa lita kwa kumfikiria hasa mtoto mchanga anayekorogewa maziwa ya kopo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,

Hofu yetu ina historia. Mwaka 1974 nchi yetu iliweka viwango vya muda vya maji ya vijijini vilivyoruhusu floridi, madini ambayo yakizidi huharibu meno, hadi miligramu 8 kwa lita, kwa sababu vyanzo vingi vya ukanda wa Arusha na Kilimanjaro visingefuzu kipimo kikali zaidi. Sababu ilikuwa ya kweli. Baadaye kikomo kikawa 4, na ni mwaka 2018 tu kiliposhushwa hadi 1.5, wakati watu waliozaliwa chini ya kile kilichoitwa cha muda walikwisha kuwa na wajukuu, na meno yao ya kahawia yangali ushahidi.

Hapa mjini, wakazi wa Tabata walishtaki mwaka 1988 kuhusu dampo lao, na Mahakama Kuu ikaamuru utupaji taka ukome. Halmashauri ya Jiji ikarudi kuomba muda, ikaomba tena, hadi Jaji Lugakingira alipokataa, akisema hajapata kusikia mamlaka ya umma ikienda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu.

Kwa hiyo hatuombi kwamba nafuu isitolewe kamwe. Tunaomba ombi hilo lisomwe kwanza kwa Kiswahili katika mkutano wa hadhara wa mtaa, pamoja na matokeo ya vipimo, kabla halijaamuliwa. Likikubaliwa, liandikwe tarehe ya kukoma kwake. Visima vya kupimia vichimbwe kati ya dampo na nyumba zetu na visomwe kila msimu. Na kaya zinazotegemea visima zifikishiwe maji ya bomba ya uhakika kwa gharama ya anayenufaika na nafuu hiyo. Sisi nasi tunaahidi kuorodhesha visima vyetu vyote, vikiwamo vile ambavyo hadi leo vimefichwa nyuma ya kuta.

Mezani kwako, Mheshimiwa, tumeweka chupa mbili. Zote zilijazwa alfajiri, na zote zilikuwa angavu. Ile iliyogeuka rangi ya kutu ndiyo ya kisimani.

Tunaomba kuwasilisha.