Fainali ya 1922 mliyoitangaza haikuchezwa

Mhariri,

Gazeti lenu nalinunua tangu nilipokuwa napuliza filimbi kwenye viwanja vya mpira wa kikapu vya vyuo, na sijawahi kuwaandikia, hata pale mlipomzika mtu aliye hai. Ila ile makala yenu kuhusu vyuo vya Marekani vya zamani, iliyosema timu ya kikapu ya Chuo Kikuu cha Kansas "iliwachapa wapinzani wake katika fainali ya taifa ya 1922", imenitoa uvivu.

Fainali ipi? Ilichezwa mji gani, na aliyechapwa ni nani? Mwandishi wenu hakumtaja mpinzani kwa sababu mpinzani hakuwapo. Mashindano ya taifa ya NCAA, chama cha michezo ya vyuo vya Marekani, yalianza 1939, Oregon walipoifunga Ohio State 46–33 pale Evanston. Msimu wa 1921–22 Kansas ya kocha Phog Allen ilicheza ligi yake ya Missouri Valley, ikafungana kileleni na majirani zao Missouri, kila mmoja kashinda mechi 15 na kapoteza moja. Mwezi Machi mwaka huo kulikuwa na mashindano ya vyuo kule Indianapolis, na fainali ilikuwapo kweli: Wabash 43, Kalamazoo 23. Kansas haikukanyaga huko. Ubingwa wa taifa ilipewa na taasisi ya Helms ya Los Angeles, iliyoanzishwa 1936 kwa fedha za tajiri wa kiwanda cha mikate. Yaani miaka 14 baada ya msimu kwisha taasisi yenyewe ndiyo kwanza inazaliwa! Mtu alikaa na makaratasi ya zamani, akapanga mabingwa kurudi nyuma hadi 1901. Na wengine waliokuja kuyapitia matokeo yaleyale baadaye wakaona bingwa wa msimu huo ni Missouri. Sina ugomvi na Kansas kutundika bendera yake ukumbini. Ugomvi wangu ni ninyi kutangaza mechi.

Halafu mnaandika kwamba James Naismith "aliiongoza timu hiyo". Naismith, aliyeubuni mchezo wenyewe Springfield mwaka 1891, aliacha kuifundisha Kansas 1907, akiwa ameshinda mechi 55 na kupoteza 60.

Sasa sikilizeni mlichonifanyia. Niliitwa mgeni kwenye chemsha bongo ya chuo kimoja hapa mjini, na vijana wawili niliowafundisha urefa walikuwa wamefika hatua ya mwisho. Swali likaja: Kansas ilimfunga nani kwenye fainali ya 1922? Kijana wangu akajibu, tena kwa adabu kabisa, kwamba hakukuwa na fainali. Msema chochote akamnyima pointi, akainua simu yake na kusoma makala yenu mbele ya ukumbi mzima. Nikasimama kueleza. Nikaambiwa, "Mzee wetu, shikamoo, lakini gazeti limeshaandika." Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi, na wapinzani wetu, ambao walijibu "Missouri" kwa kubahatisha tu, wakapewa pointi kwa kuwa "angalau wametaja timu". Vijana wangu wakarudi nyumbani mikono mitupu kwa kosa la kujua.

Na lile la kudhihaki matokeo ya enzi hizo, eti wachezaji "hawakujua kulenga" kwa sababu timu ilishinda ikiwa imefunga pointi ishirini na kitu tu! Hadi 1937 kila kikapu kilipoingia, mpira ulirudishwa katikati na kurushwa juu upya. Hesabuni dakika zinazopotea hapo. Mwandishi wenu angemuuliza refa yeyote mstaafu, tuko wengi na hatuna kazi.

Lakini nashangaa nini? Ligi ya mkoa inachezwa hapahapa mjini kila mwishoni mwa wiki, ninyi mnaipa mistari mitatu, bila jina la mfungaji, na mara nyingine bila matokeo! Ukurasa wa mikeka ya kubeti haujawahi kukosa nafasi hata siku moja. Mechi ambayo haikuchezwa Marekani mmeipa nusu ukurasa na picha, ya Jumamosi iliyopita, iliyokwenda dakika za nyongeza mara mbili, nimeisimulia mwenyewe barazani.

Napendekeza hivi. Bingwa yeyote wa vyuo wa kabla ya 1939 mkimtaja, wekeni pembeni mabano yenye maneno mawili: "alichaguliwa baadaye". Wino wake nitalipia mimi. Na yule mwandishi mleteni uwanjani Jumamosi saa kumi alasiri, akae meza ya wahesabu pointi, kiti kipo. Akiona kikapu kimeingia, aandike. Kisipoingia, asiandike.

Refa mstaafu,
Upanga, Dar es Salaam