Mgao wa mwaka jana tunautumia, ila si kama ulivyo

Mteja akirudi kwa utafiti wa pili, hakosi kusema: "Mgao si mnao tayari? Tumieni ule ule, mtupunguzie bei." Bei tunapunguza kweli. Ule ule ndio hapana.

Mgao ndio unaoamua wahojiwe watu gani, na wangapi: wanawake 400, wanaume 400, vijana kiasi hiki, Ilala hawa, Temeke wale. Unakaa ndani ya dodoso, kwenye tableti. Kundi likijaa, mdodosaji anaambiwa ashukuru na kwenda nyumba nyingine. Kuupanga upya kunakula siku nzima, hasa pale kila rika la kila jinsia katika kila wilaya linapotakiwa kuwa na idadi yake. Ndiyo maana tunauhifadhi, tena kwa asilimia. Nusu ni nusu, wahojiwa wawe 800 au 1,200.

Kinachotutia hofu ni namba za majibu. Tuliwahi kuhamishia mgao kwenye dodoso la sabuni za kufulia, lililotaka wanawake 7 katika kila watu 10. Dodoso la zamani lilikuwa na 1 mwanamume, 2 mwanamke. Aliyeandika jipya (mwenzetu, tena makini) alianza na mwanamke. Mgao hausomi maneno, unasoma 1 na 2 tu. Siku ya kwanza haijafika saa nane mchana, simu zikaanza kuingia kutoka Mbagala: akina mama wanakataliwa, eti wamejaa, na tableti inadai wanaume waliokwenda kazini. Tulirudia kazi kwa pesa zetu. Tangu hapo mwanamume ni 1 katika kila dodoso letu. Mteja akitaka mwanamke atangulie kwenye skrini, anatangulia, lakini na 2 yake.

Halafu kuna mipaka. Mgao uliojengwa juu ya sensa ya 2012 unaijua Dar es Salaam ya wilaya tatu: Kinondoni, Ilala na Temeke. Sensa ya 2022, iliyohesabu watu 5,383,728 mkoani, imekuta Ubungo imeshatoka Kinondoni na Kigamboni imeshatoka Temeke. Mtu wa Kimara leo atakutajia Ubungo, na mgao wa zamani hauna pa kumweka. Mahojiano yanafungwa kabla hajaulizwa hata swali la tatu. Mbeya nayo ni vivyo hivyo, maana sehemu yake sasa ni mkoa wa Songwe.

Hesabu za mradi uliopita tunazifuta pia, la sivyo kundi linaanza likiwa limejaa.

Ukaguzi wote huu ni nusu siku, na hiyo nusu siku ndiyo tunayokutoza. Ukirudi, tutumie idadi ya wahojiwa, maeneo, na swali lolote ulilobadilisha, hata kama umegusa makundi ya umri tu. Tunahitaji kuyajua hayo kabla tableti hazijatoka ofisini.