Barua ya wazi kwa Waziri wa Nishati: Tuambiwe mapema maji ya Masinga yanaposhuka

Mheshimiwa Waziri,

Hatuombi maji ya bwawa la Masinga, kwenye Mto Tana nchini Kenya, yafungiwe ili boti za watalii zipate pa kuelea. Mitambo ya Masinga yenyewe ni ya megawati 40 tu, lakini maji yake ndiyo yanayoteremka kuzungusha mitambo ya mabwawa ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Bwawa hili ni ghala, na kiangazi ghala hufunguliwa. Tunaomba taarifa.

Bwawa likijaa, kimo chake ni mita 1,056.5 juu ya usawa wa bahari. Kikomo cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 1,037. Hizo ni mita 19.5 za kupanda na kushuka. Ufuo unaoteremka mita 1 kwa kila mita 50, maji yakipungua mita 2 tu, hurudi nyuma mita 100. Gati la nguzo hubaki nchi kavu, na tope mbele yake hukauka juu tu. Ukilikanyaga, linameza mguu.

Kibaya zaidi ni visiki na miamba. Kisiki kilicho mita 2 chini ya maji hakimsumbui mtu. Maji yakishuka mita moja na nusu, kiko sentimita 50, hakionekani, na rafadha, yaani panga la injini ya boti, inakifikia. Kikichomoza kabisa, nahodha hukikwepa. Hatari ni hizo wiki za katikati, na ndizo zisizotangazwa.

Gati la kuelea linasaidia. Mapipa 8 ya lita 200, yakizama nusu, hubeba takriban kilo 800, pamoja na uzito wa mapipa yenyewe na mbao zake. Lakini lisifungwe kwa kamba fupi kwenye nguzo: maji yakishuka linaning'inia, yakipanda linavutwa chini. Litiwe nanga pande zote, na kamba zilegezwe au kukazwa kila kimo kinapobadilika. Anayezilegeza anahitaji kujua kesho kutakuwaje.

Kwa hiyo kimo cha leo peke yake hakitoshi. Kila Jumatatu itumwe arafa yenye nambari tatu: kimo cha asubuhi kabla upepo haujaanza kusukuma maji upande mmoja, badiliko la siku saba, na makadirio ya siku 14 zijazo. Kila kituo cha boti kiwekwe ubao wa kipimo wenye alama za sentimita, uliolinganishwa na kipimo cha ukutani bwawani. Bila hivyo nambari ya arafa haimfai nahodha.

Mvua nayo ina hatari yake. Mwaka 2024 bwawa lilijaa hadi kumwagika. Karibu na njia ya kumwagia maji, boti iliyozimika injini huvutwa na mkondo. Kimo kikifika mita 1,056, boti za starehe zisimamishwe upande huo, na mstari wa maboya uwe umeshafungwa. Maboya hayo yafungwe Februari, kabla ya masika.

Waendeshaji boti na wavuvi wa Masinga