Kifuniko cha flashi chini ya maji

Nungwi, Unguja

Rafiki yangu mpendwa,

Ama baada ya salamu, barua yako nimeipata, na picha ulizoambatisha nimezitazama moja baada ya nyingine. Umeniuliza kama ununue difyuza, yaani vifuniko vya kutawanya mwanga, za dukani kwa ajili ya flashi zako za chini ya maji au utengeneze mwenyewe kwa vitu vilivyopo nyumbani. Nakushauri utengeneze, ila ujue kwanza kifuniko hicho kina kazi gani.

Mwanga wa flashi ukitoka kwenye kioo bapa na kuingia majini, hupinda na kuwa finyu kuliko ulivyo hewani. Ndiyo maana katika picha yako ubavu wa yule samaki chewa umeungua kwa weupe ilhali mkia wake umezama gizani. Kifuniko cheupe huutawanya mwanga huo ukafika pembeni, nawe hupoteza karibu nusu ya nguvu yake. Kulainisha vivuli ni jambo jingine, kwa sababu kunategemea ukubwa wa chanzo cha mwanga ukilinganishwa na umbali wake kutoka kwa kiumbe unachokipiga. Kifuniko kilicho sawa na uso wa flashi kitapanua mwanga tu. Kilicho kipana mara mbili, kikiwekwa sentimita 15 hivi kutoka kwa kaa mdogo, kitapunguza sana vile vivuli vikali vinavyoikatiza miguu yake. Vya dukani mara nyingi huwa na ukubwa wa flashi yenyewe, na hapo ndipo cha kujitengenezea kinapovishinda.

Tafuta dumu jeupe la maziwa la lita 5, lile linalopitisha mwanga lakini halionyeshi kilicho ndani waziwazi. Madumu ya manjano ya mafuta ya kula yaache, kwani yatatia rangi yake katika kila picha. Kata sehemu ya bega, pale plastiki inapojipinda, kwa sababu mpindo huo hupeleka mwanga hadi pembeni, kisha lainisha kingo kwa msasa. Kwa msumari uliopashwa moto, toboa matundu mawili ya kupitishia kamba na mengine juu ya kutolea hewa, maana kiputo kikinaswa kati ya kifuniko na kioo, mwanga utatoka na mabaka. Kukifunga, hakuna kinachoshinda ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Ongeza na kipande cha mshipi wa kuvulia samaki, kwa kuwa plastiki hiyo huelea, nami sipendi hata kidogo kuona taka zetu zikizagaa juu ya matumbawe. Angalia pia usizibe jicho la flashi linalopokea ishara kutoka kwa kamera.

Kabla ya kuzama, piga picha ya ukuta mweupe, ukiwa na kifuniko na bila kifuniko, ulinganishe katikati na pembeni.

Zile chembe nyeupe katika picha zako za Watamu, hata hivyo, hazitaondolewa na kifuniko. Huenda zikaongezeka, kwani mwanga mpana humulika maji mengi zaidi mbele ya lenzi. Tanua mikono ya flashi, zirudishe nyuma ya usawa wa lenzi, uzielekeze nje kidogo ili kiumbe apate ukingo wa mwanga badala ya kitovu chake. Na wakati wa bamvua, maji yanapokupwa na kutoa tope la Mida Creek, ile hori iliyo jirani na Watamu, ni afadhali ungoje maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo.

Kwa kitu kilicho mbali zaidi ya mita moja, kifuniko kivue kabisa. Maji humeza wekundu wakati mwanga unakwenda na wakati unarudi, kwa hiyo nusu unayoipoteza utaihitaji.

Usikate chochote kabla hujanitumia kipimo cha upana wa uso wa flashi zako, ili nikuchoree umbo kamili kwenye karatasi.

Wasalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafikiyo.